Siku Mama Alipopiga Magoti Hotelini

Nyie mliokulia Dubai kama mimi, mnazikumbuka zile korido za maghorofa ya Oud Metha? Nje jua halikuwa na mzaha, kwa hiyo utoto wetu tuliumalizia koridoni, kwenye ubaridi wa kiyoyozi na harufu ya vitunguu vya majirani.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa binti mfalme. Si wa hadithi, bali wa kweli, wa ufalme mdogo wa kwao mama: mwanamitindo aliyesomea sheria, kisha akawa balozi. Picha yake mama aliikata gazetini akaibandika kwenye friji. Tulitembea kwa madaha, kitabu cha hesabu kichwani. Sote tulitaka uanamitindo. Uwakili tulimwachia aliyechelewa kufika. Watoto wa siku hizi hujipiga picha mia kabla ya hatua ya kwanza. Sisi kitabu kikianguka, khalas, zamu yako imekwisha.

Likizo moja nilimpelekea mama chakula alichokisahau, katika hoteli alikokuwa msafishaji. Lifti ikafunguka, akatoka binti mfalme mwenyewe. Kwao mama, binti mfalme hasalimiwi kwa kusimama. Mama akapiga magoti palepale kwenye marumaru, glavu za mpira mikononi. Wageni wakageuka. Msimamizi wake akamnong'oneza, "Yalla, inuka." Nami, binti mfalme wa koridoni miaka yote ile, nikajificha nyuma ya nguzo. Nilimwonea mama aibu.

Binti mfalme aliinama, akaushika mkono wenye glavu, akaitikia salamu yote mpaka kwenye majina ya ukoo, wakati gari likimsubiri nje. Kisha akamuuliza kama ana watoto. Mama akatupa jicho kwenye nguzo yangu.

"Ninaye mmoja," akasema. "Ana haya kidogo."

Jioni tuliporudi nyumbani pamoja, njia nzima hakunikaripia. Heri angenikaripia.

Sasa mama amerudi kwao, mimi nimebaki Dubai, na tunaonana kwa simu. Wanangu humsalimia bibi yao wamejilaza kochini, chipsi mdomoni. Mimi huiegemeza simu kwenye kikombe mezani, nikashuka sakafuni kwa magoti. Kila mara mama hulalamika kwamba haoni kitu ila dari. Kila mara namwambia asubiri kidogo, bado namsalimia.