Alizeti Usoni

Fundi cherehani huyu mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, na kushona alijua, asikudanganye mtu. Ila siku nzima anapima vifua vya watu, yeye mwenyewe hana kifua. Gauni likitoka tu kwenye pasi, liko mtandaoni, na mwenye gauni humo ndani kaduwaa.

Wateja walipoanza kununa, akajiwekea sheria: kila sura aliifunika kwa picha ya ua la alizeti. Basi ukurasa wake ukawa shamba. Akajiona mlinzi mkuu wa siri za watu, akawa anawasema wasusi wa jirani kwamba hawana staha, wanaanika vichwa vya watu hovyo.

Siku moja akaja mdogo wake na lile gauni la buluu lenye marinda, ambalo Mama Pindo alikuwa amelitangaza muda mrefu kabla ya enzi za alizeti, mdogo mtu akiwa ndani yake anacheka meno yote nje. Alitaka lipanuliwe kiunoni. Akavuta pazia kwanza, ndipo akasema ana mimba. Ile iliyopita ilitangaa mapema, na ilipoharibika ikabidi amweleze kila aliyemuuliza mtoto yuko wapi, hadi muuza mkaa. Safari hii hata mama yao hajaambiwa. Mama Pindo akaapa, akamkumbatia, na machozi yalimtoka kweli.

Tatizo ni kazi yenyewe. Alifumua kiuno, akaingiza kitambaa cha pembeni, akakipitisha chini ya marinda hata mshono usionekane. Uzuri huo uende bure? Mdogo wake alipolijaribu, akamrekodi ati apate kumbukumbu, akambandika alizeti usoni, akarusha na maneno: "Kiuno kikikua, tupo."

Chai haijapoa, mama mkwe wa mdogo wake kashaandika hapo hapo, mbele ya halaiki: "Hongera mkwe wangu, mbona ulituficha?" Wakafuata mashangazi, wakafuata wasiojulikana. Kisha mama yao akapiga simu, analia, haijulikani ni furaha au hasira.

Mdogo mtu alipofika, Mama Pindo alianza na ubishi. Jina hajalitaja, sura kaifunika, sasa kosa lake liko wapi?

"Dada, gauni hili linajulikana kuliko sura yangu," mdogo wake alisema. "Wewe ndiye uliyelitangaza. Nilikuomba siku chache tu za kuwa na siri yangu."

Mama Pindo akaifuta ile video, lakini wenye simu zao walishaihifadhi. Aibu ikamshika vibaya, maana yeye mwenyewe humtambua mtu kwa mbali kwa mshono wa mgongoni. Aliomba msamaha siku ile, akaomba na kesho yake. Mdogo wake alimjibu kwa adabu, kisha akaenda kushonesha kwingine.

Miezi ikapita. Mama yao akapiga simu: mtoto wa kike, wote wazima, ila mzazi anapumzika, wageni atawaita mwenyewe. Mama Pindo akakata vigauni vidogo kwa mabaki ya vitambaa, akasubiri kuitwa.

Alikuwa anampima mteja mmoja, jirani wa mdogo wake, simu ya mteja ikalia. Mteja akaitazama, uso ukamlainika. Mama Pindo akanyoosha shingo. Mteja akaigeuza simu, akaibana kifuani.

"Usinichukie, dada. Katutumia wachache, na ametuomba tusikuonyeshe."

Futi ikabaki inaning'inia mkononi mwa Mama Pindo. Aliwahi kusikia maneno mengi humo dukani, akayatoa yote nje. Haya akayameza.

"Anafanana na nani?" akauliza.

Mteja akafikiri kidogo. "Na wewe."

"Sawa," Mama Pindo akasema. "Inua mikono."