Tulivyomlilia Mwigizaji wa Kikantoni

Nimekaa na habari hii muda mrefu kwa sababu naandika polepole, na pia kwa sababu kila mtu hapa kijijini Maguu anaisimulia kwa namna yake, na katika nyingi ya namna hizo mimi ni mwongo. Sibishi. Nataka tu iandikwe kwa mpangilio.

Mama mdogo ana banda la video kando ya njia ya kanisani. Jumapili baada ya misa watu hukaa kwenye mabenchi na kutazama filamu za ngumi, zile ambazo mtafsiri amekwisha weka sauti ya Kiswahili juu yake. Mwaka ule wa ujenzi wa barabara, flashi ya filamu hizo iliangukia kwenye sufuria ya uji ikafa. Fundi Mchina wa mashine ya kokoto, aliyekuwa akija kila Alhamisi kununua mayai kwa mama mdogo, alimwonea huruma akampa flashi yake.

"Sinema," alisema. "Zamani sana."

Jumapili hiyo hakuna aliyepigana ngumi. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, zimechubuka kama zilizoburutwa kwenye changarawe. Mwanamke mwembamba mwenye nyusi za kuchorwa alisimama mbele ya kikombe, akakiimbia kwa muda ambao mtu angeweza kupukuchua debe la mahindi. Watu wakaanza kuguna.

"Kikombe kimemfanya nini?"

"Labda si chake."

Mama mdogo akanigeukia. "Wewe si ulikaa na Wachina miezi mitatu? Hebu sema anasema nini!"

Ni kweli nilikaa nao. Nilikuwa nashika bendera barabarani, nyekundu kusimamisha magari, kijani kuyaruhusu, kazi niliyopewa kwa sababu haihitaji maneno. Tangu darasa la kwanza nilikuwa mtu wa kujibu kwa kichwa. Kichina changu chote kilikuwa neno moja, la kuhimiza watu wafanye haraka. Lakini kabla sijatikisa kichwa mama mdogo alikuwa amenishikisha maiki na kunisukuma nyuma ya pazia, anapoweka ndoo na betri.

Nyuma ya pazia palikuwa na tundu la kuonea runinga kwa ubavu. Sikuona mtu, na hakuna aliyeniona. Nikasikia sauti nyembamba ikisema, "We kikombe, umekaa hapo tu, na kahawa imeanikwa kwenye chanja, na wingu lile linakuja!" Sauti ilikuwa yangu.

Banda zima likaangua kicheko. Nikaendelea.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili nilikuwa yule mwanamke. Alikuwa katika karibu filamu zote za flashi ile. Mara ni binti wa tajiri, mara ni mke aliyeachwa, mara ni mwimbaji mwenye taji zito kichwani. Katika moja kulikuwa na vita: ndege zilipita, moshi ukajaa, na yeye na wanawake wenzake wakakaa chini kushona nguo za askari. Hapo sikumpa utani. Nilisema tu, "Shoneni, mama zangu, huko ni baridi." Bibi jirani yetu, ambaye huwa hakosi karanga mkononi, aliacha kutafuna.

Filamu ile ilikatika yeye akiwa ameshika kitasa cha mlango, mtu akibisha nje. Runinga ikawa nyeusi. Watu walidai mwisho kama wanavyodai maji. Alhamisi tulimwuliza fundi. Alisoma maandishi ya mwanzoni kwenye simu yake, akatueleza kwa Kiswahili chake cha kutosha kwamba zilitengenezwa Hong Kong, nyingine kabla ya vita na nyingine vita vikiendelea, na kwamba nyingi ziliharibika, vipande vikapotea.

"Na huyu mama?" aliuliza mama mdogo. "Siku hizi anaigiza wapi?"

Fundi alicheka kidogo. "Huyu? Amekufa."

Mama mdogo akaweka trei ya mayai chini.

"Wengine je?"

"Wote wamekufa. Zamani sana."

Habari ilipanda mlima na kushuka kabla ya jua kuzama. Bibi jirani alikuja akiwa amekwisha jifunga kitenge cha msiba kiunoni. "Tumekula karanga mbele ya marehemu," alisema. "Jumapili saba!" Mama mdogo alikuwa na hofu yake: tumemcheka mfu, naye amekaa ndani ya banda letu, hakuna aliyemlilia wala kumfanyia sala. Kwetu hilo halifanyiki. Hata mpita njia akifia kijijini hutafutiwa mtu wa kusimama kama ndugu yake, apokee pole.

Katekista aliuliza kama marehemu alibatizwa. Hakuna aliyejua. Akafikiri, akasema sala za kuwaombea marehemu wote zipo na hazibagui. Basi ikapangwa Jumapili, badala ya filamu, tumlilie.

"Mfiwa nani?" aliuliza katekista.

Wote wakanitazama.

"Si ndiye anayemsemea?" alisema bibi. "Nani mwingine?"

Nikatikisa kichwa kukataa, wakadhani naitikia.

Kila aliyewahi kuhudhuria msiba anajua kwamba kabla ya kuzika au kuanua matanga husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa au kuolewa na nani, aliacha nani, aliugua nini. Hiyo ni kazi ya mfiwa. Na fundi alialikwa pia, kama upande wa ukoo, asahihishe patakapokosewa.

Sikulala vizuri. Tangu nianze kusema nyuma ya pazia lile, watu walikuwa wakinisimamisha njiani. Wazee nikiwaambia shikamoo walikuwa wakinijibu kwa kucheka na kuniuliza habari za yule wa runinga, "Mama hajambo?" Nilikuwa nimeanza kujibu kwa mdomo. Fundi akisema mbele ya kijiji kwamba sijui Kichina, ningerudi kuwa mshika bendera, na safari hii bubu wa kweli, kwa sababu nani angeniamini tena? Nilianza kuandika Alhamisi jioni. Hadi Jumamosi nilikuwa na mistari minne.

Turubai lilifungwa mbele ya banda. Runinga iliwekwa juu ya meza, ikafunikwa kitambaa cheupe cha mezani, na juu yake maua ya mbaazi. Wanawake walikuja wakilia kutoka barabarani kama desturi, wengine wakisahau katikati na kusalimiana. Nilikaa kwenye mkeka. Watu waliinama kunishika mkono. "Pole, mwanangu. Ametuachia pengo." Nikasema asante.

Fundi alifika amevaa shati jeupe, na mfuko wa sukari begani. Alisimama mbele ya runinga, akainama mara tatu, polepole, akarudi nyuma. Kisha katekista, ambaye hapendi kupitwa na utaratibu, naye akaenda akainama mara tatu. Baada ya hapo ikawa foleni. Kijiji kizima kiliinamia runinga, wazee wakishikiliwa kiuno wasianguke.

"Sasa," alisema katekista, "mfiwa atasoma wasifu."

Nilisimama. Nikafunua karatasi.

"Marehemu alizaliwa China. Alikuwa mwimbaji. Alilia sana, lakini si kwa uvivu. Wakati wa vita alishona."

Mistari ikaisha. Nikaikunja karatasi.

"Mgeni wetu," katekista alimwambia fundi, "ni sahihi?"

Fundi alijikuna shingo. "Mimi sijui."

"Kivipi?"

"Mimi wa kaskazini. Hii ni lugha ya kusini, Kikantoni. Nasoma maandishi tu. Wakiongea sielewi." Akanigeukia, na uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo. "Flashi nilipewa na rafiki. Kambini natazama peke yangu, nyumbani mbali, sielewi. Wewe unaelewa. Pale mlangoni, kabla haijakatika, anasema nini?"

Nilikuwa nimeokoka. Nilihitaji tu kusema chochote, na pale chini ya turubai hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kunipinga. Lakini alikuwa akisubiri kama mtu anayesubiri barua kutoka kwao. Ningempa maneno yangu angeyabeba mpaka China.

"Sijui," nilisema.

"Sema kwa sauti," alisema katekista.

"Sijui! Sijui hata neno moja. Nilikuwa nabuni."

Mtoto mmoja alipiga chafya.

"Sasa?" alisema bibi jirani. "Tangu lini Mchina akaogopa mvua iloweshe kahawa yetu? Tulijua, mjukuu wangu."

"Nani alijua?" Mzee mmoja wa kijiji cha Mkumbi aliruka kutoka kwenye benchi. "Mimi sikujua! Yule mama alisema mwanamume anayenyoa ndevu kila siku si wa kuaminiwa. Nikawarudishia watu posa ya binti yangu!"

"Ulirudisha posa kwa neno la runinga?"

"Alilisema huku analia!"

Watu walianza kucheka, wengine kumfokea, wengine kunifokea mimi. Mama mdogo alijifunika uso kwa khanga. Fundi alimwuliza katekista wanasema nini, katekista akamjibu, "Tule kwanza." Tukala wali na maharage ya msiba tukiwa tumegawanyika pande mbili, walionisamehe na waliokasirika, na wa pande zote mbili wakaongezewa.

Jumapili iliyofuata mama mdogo aliondoa maiki. Hakunikemea, alisema tu kwamba kila mtu atazame kwa akili yake. Nilikaa kwenye benchi kwa mara ya kwanza, katikati ya watu, mabega yakigusana. Mwanamke alikuwa kwenye kituo cha treni na mzee mmoja mwenye mkoba. Mzee alisema neno. Mwanamke akageuza uso, mkono wake ukiwa bado umeushika ule mkoba.

"Anamwambia asiondoke," alisema bibi.

"Hapana, anamdai mkoba wake," alisema mzee wa Mkumbi, ambaye nilidhani asingekuja tena.

"Amechoka tu, jamani. Anataka kukaa."

Fundi, kwenye benchi la mbele, aligeuka akitutazama mmoja mmoja kwa matumaini.

"Siyo hivyo," nilisema. Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Baba yake ndiye anayeondoka. Yeye anakataa kumuaga, ili asipate ruhusa ya kwenda."

"Umejuaje?" mzee wa Mkumbi alinigeukia na kidole juu. "Si ulisema hujui hata neno moja?"

"Sijui."

"Basi nyamaza!"

"Sinyamazi," nilimwambia. "Mtazame mkono wake."