Wimbo wa Baa Mbele ya Jeneza

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "nyimbo za baa" kwa ile sauti ya kubana pua, mkono wangu unatafuta kitu cha kurusha. Nimejaribu kuacha. Nimeshindwa, na siku hizi hata sijaribu.

Mume wangu alikuwa Mkenya wa Kinangop, kwenye baridi na viazi na ng'ombe wa maziwa, na watu wa kule wana ugonjwa mmoja ambao sisi wa Morogoro hatunao: wanapenda kantri. Namaanisha ule muziki wa wazungu wa Marekani wenye kofia pana, wanaolalamikia wake zao, malori yao na mvua. Baba yake alikamua ng'ombe redio ikiimba mambo hayo, na mtoto akayabeba mpaka Johannesburg. Huku alilinda geti la jengo la ofisi kule Sandton, zamu ya usiku. Mimi nilisuka nywele Rosettenville, mchana kutwa. Tulipanga chumba uani kwa Mreno mmoja, na siku nyingi tulikutana mlangoni, mimi naingia, yeye anatoka.

Mwaka uliofuata baada ya Kombe la Dunia alirudi kutoka kazini asubuhi na CD mpya, hata viatu hakuvua. Ilikuwa ya mwimbaji mmoja mzee aliyempenda tangu utoto, na ambaye kwa miaka mingi alikuwa amemkasirikia. Walimharibu, alikuwa akisema, walimwekea vinanda vya disko wakamvalisha suti za kumetameta. Sasa mzee amezeeka kweli, sauti imeota kutu, na ametoa albamu ya kizamani: gitaa, fidla, na lile gitaa la kulazwa mapajani ambalo likipigwa unadhani kuna mtu analia chumba cha pili. "Sikia," aliniambia, "hakuna hata ngoma. Mzee amerudi nyumbani." Alifurahi kana kwamba mzee mwenyewe ni mjomba wake. Mimi nilifunika kichwa kwa shuka.

Lakini wimbo wa nne nilishindwa kuukwepa, maana alinitafsiria mwenyewe, mstari kwa mstari. Kuna mwanamume yuko baa. Pembeni yake kuna kiti kitupu. Kila anayekuja kutaka kuketi anaambiwa, samahani, kiti hiki kina mwenyewe. Mkewe ameshaondoka zamani. Mwenye baa anajua, wanywaji wanajua, na yeye anajua, ila kiti hakitoi.

Sisi chumbani tulikuwa na kiti kimoja cha plastiki. Nikirudi saluni miguu imevimba, yeye ameshavaa sare, anainuka, anakifuta kwa kiganja, ananiambia, "Kaa. Kiti hiki kina mwenyewe." Kila siku ya Mungu. Kuna siku nilimwambia atafute utani mwingine, huu umechacha. Alicheka, kesho yake akarudia uleule.

Akafia kazini, kwenye kibanda cha geti, ameketi. Moyo. Mwenzake wa zamu ya asubuhi alidhani amesinzia.

Kilio kikachukuliwa na kamati ya Wakenya wenzake. Sina neno na kamati kwa jambo la kusafirisha maiti. Wakenya wa Johannesburg wakiamua mtu wao atazikwa kwao, atafika. Neno langu ni na mwenyekiti wake, Mkenya mwenzao, mchungaji wa kanisa nililokuwa nasali mimi. Jumatatu mpaka Ijumaa alifanya kazi kampuni ya bima huko huko Sandton, Jumapili alihubiri kwenye gereji ya zamani Jeppestown tuliyoigeuza kanisa, sakafu bado ina madoa ya oili. Mume wangu hakuwahi kukanyaga pale. Jumapili alilala, na akiamka alipiga kantri yake mpaka Mreno anagonga ukuta. Mchungaji alilijua hilo na hakulipenda.

Niliomba kitu kimoja tu. Sikuomba picha kubwa wala maua. Niliomba wimbo wa nne upigwe kanisani kabla jeneza halijafungwa, basi. Akifika Kinangop wataimba ya kwao na kusema ya kwao, na mimi sitakuwepo, karatasi zangu zilikuwa hazijatoka na nikivuka mpaka sirudi. Pale Jeppestown ndipo mahali pekee nilipokuwa na nafasi ya kumuaga.

"Mama, hiyo haiwezekani," mchungaji aliniambia mbele ya kamati nzima. "Hizo ni nyimbo za baa. Unataka tumuage ndugu yetu na nyimbo za walevi?"

"Hakuwa anakunywa," nikasema.

"Ndiyo sababu tusimpake matope. Kwanza, tuseme ukweli kwa upendo, ndoa yenu haikupita madhabahuni. Tuwaachie wazee wapange."

Kwa upendo! Nilitaka kumtandika na birika la chai lililokuwa mezani. Wazee wenyewe, wale wa kamati, walikuwa watu wa ofisi za jengo lile, waliomwona mume wangu getini kila jioni wakitoka na magari yao, wakamnyooshea kidole gumba, basi. Sasa amekufa, amekuwa ndugu yetu. Sikulia. Nilinyanyuka nikaenda kwa kijana wa Lubumbashi aliyekuwa fundi wa vyombo pale kanisani, nikamkabidhi CD, nikamweleza.

Aliigeuza geuza. "Mama, miye ntaipiga," akasema. "Pasteur atanifanya nini? Mashini ni yangu."

Siku ya kuaga, safu ya mbele ilikaliwa na kamati. Mimi nikaonyeshwa kiti safu ya tatu, nyuma ya mtu mwenye mabega mapana, na kumwona mume wangu ikawa mpaka nichungulie. Niliketi. Nilijiambia, vumilia, wimbo unakuja.

Lazima nieleze desturi yetu ili jambo lieleweke. Kanisani kwetu kulikuwa na kusifu na kuabudu. Wimbo wa haraka ni wa kusifu, mnacheza. Wimbo wa taratibu ni wa kuabudu: mnasimama, mnafumba macho, mnainua mikono. Hakuna anayengoja kusikia maneno, mwendo wa wimbo unatosha. Na wengi wetu tulikuwa Wakongo na Warundi, Kifaransa kingi, Kiingereza cha sokoni, na kile cha yule mzee wa kofia hakina anayekielewa.

Kwa hiyo mchungaji alipomaliza kuhubiri na lile gitaa la mapajani likaanza kulia kwenye spika, polepole, kina mama walisimama. Wote. Vitambaa vyeupe vikapaa juu. Mzee akaanza kuimba kuhusu bia yake, na safu nzima ikajibu, "Amina!" Mama mmoja wa Kirundi, muuza dagaa jirani na saluni yangu, machozi yalimtiririka mpaka shingoni. "Yesu, Yesu," alikuwa anasema, na mzee kule kwenye wimbo anaagiza glasi nyingine.

Nilimtazama mchungaji. Yeye Kiingereza alikijua sana. Alinitazama, mdomo wazi, na nikaona anavyopima: akizima, itabidi awaambie watu wake wameabudu nini. Basi akafumba macho. Akainua mikono yote miwili, akasema kwenye maikrofoni, "Asante Yesu kwa wimbo huu wa faraja."

Hapo ndipo nilipopasuka. Kunikatalia niliweza kumeza. Lakini kuukataa jana na kuuiba leo, kumfanya mume wangu mlokole akiwa maiti kwa sababu tu mlokole ni rahisi kumzika! Nilipita kwenye magoti ya watu, nikafika mbele, nikamnyang'anya maikrofoni.

"Zima," nikamwambia fundi. Akazima. "Huu si wimbo wa kanisa. Ni wa baa, na mchungaji anajua, alinikatalia mwenyewe. Huyu anayeimba ni mwanamume yuko baa peke yake. Mkewe amemwacha. Yeye bado amemwekea kiti, kila mtu akitaka kukaa anamwambia kina mwenyewe. Ndiyo yote. Hakuna Yesu humo. Mume wangu aliupenda, na kiti chetu nyumbani kilikuwa kimoja, na kila nikirudi kazini alikifuta akanipa mimi, akasema maneno hayo. Mliyekuwa mnamlilia ni huyo. Mkitaka kukasirika, kasirikeni."

Vitambaa vilishuka. Mchungaji alinyoosha mkono kudai maikrofoni, akanong'ona kwamba gari la uwanja wa ndege linangoja. Sikumpa.

Muuza dagaa alikuwa bado amesimama. "Na uyo mke wa mu wimbo," akauliza, "alirudiaga?"

"Hakurudi, mama."

Akafikiri. Akanitazama mimi, akatazama safu ya tatu nilikotoka, akawatazama wanaume wa kamati mmoja mmoja, mpaka mmoja akaanza kurekebisha tai. Kisha akamgeukia fundi. "Wewe, urudishe ule wimbo. Sasa tunajua ni wa nini. Na muikale chini, watu wote, uyu si wa kusimamia."

Watu wakaketi. Gitaa likaanza upya. Muuza dagaa akachukua kiti chake mwenyewe cha plastiki, akakibeba kichwa chini miguu juu kupita mbele ya kamati, akakiweka kando ya jeneza, upande wa kichwa cha mume wangu. Akashika pindo la kitenge chake akakifuta.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Iki kiti kiko na mwenyewe."

Nikakaa. Yeye akaenda kukalia kile changu cha safu ya tatu. Mchungaji akabaki amesimama, maana kiti kingine hakikuwepo.