Uso wa Dada Yake

Majina ya watu hayanitoki. Shule niliiacha mapema, lakini nitajie watoto wa darasa letu na nitakwambia nani alikaa na nani, na mama zao waliitwaje. Humu sitaandika hata moja. Jina ndilo lililotuletea haya.

Yule mwanamke Mmeksiko wa ghorofa ya juu tulikutana chumba cha kufulia, hapa hapa mtaani kwetu Hallonbergen, ugenini kwa Waswidi. Nilifungua kabati la kukaushia nguo nikidhani ni langu, nikakuta kichwa kimening'inia. Kilikuwa kitambaa cha rangi ya fedha, chenye matundu ya macho na mdomo na kamba nyuma, kama ngozi ya kichwa cha mbuzi imechunwa ikaanikwa. Nikafunga mlango. Alipoingia alijua nimeona, maana aliweka kidole mdomoni kama mtu aliyemlaza mtoto.

Baada ya hapo akawa anakuja kunywa chai kwangu. Kiswidi changu kimepinda, chake kimepinda upande mwingine, tukaelewana vizuri kuliko Waswidi wanavyotuelewa. Siku za kazi anahudumia wazee kwenye makao yao. Lakini tangu usichana kazi yake ni mieleka. Alipigana kwenye viwanja vya kwao, mpaka kwenye uwanja wa kupigana na ng'ombe dume, akapelekwa mpaka Japani, kisha akamfuata mwanamume huku. Mwanamume akaondoka, yeye akabaki na ulingo: mashindano kwenye kumbi ndogo wikendi, na wasichana anaowafundisha. Kwao mwanamieleka mwenye kinyago haonekani uso. Anafika ukumbini amekivaa, anakula nacho, anaondoka nacho. Shingo yake ilikuwa haigeuki. Akitaka kukutazama anageuka mwili mzima, kama friji linalosogezwa.

Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa hodari kuliko wanafunzi wake wote. Mama yake anafanya zamu hospitalini, kwa hiyo msichana nimemlea mimi. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, lakini chakula changu anakimaliza. Mieleka niliiona kama mazoezi tu. Mpaka siku aliporudi macho yanang'aa, akasema mwalimu anaacha, na kinyago atampa yeye. Atavaa uso uleule, atumie jina lilelile la ulingoni, na watu wasijue kama aliyemo ndani amebadilika.

Kwetu jina halipokelewi hivihivi. Unauliza nani alikuwa nalo, na alikufaje. Aliyekufa kwa amani anaitwa tena kwa mtoto. Aliyekufa kifo kibaya, aliyeanguka au aliyezama, anazikwa na jina lake na hakuna anayelitamka penye kitanda cha mtoto. Kwa hiyo jirani alipokuja kunywa chai nikamuuliza kinyago kilianza na nani.

 Akasema kilianza na dada yake mkubwa. Huyo dada aliruka kutoka kamba ya juu kabisa, kwenda nje ya ulingo, na mpinzani wake, maana kwenye mieleka yao mpinzani ndiye anayekudaka, alisimama vibaya. Alifia chumba cha kubadilishia nguo, kinyago kikiwa bado usoni, maana hata daktari alikatazwa kukivua. Matangazo ya wiki iliyofuata yalikuwa yameshabandikwa. Ami yao ndiye mwenye mashindano, na huyu mdogo alikuwa na kimo kilekile. Akamwambia vaa. Mpaka leo watu wa kwao wanaamini ni mwanamke mmoja tangu mwanzo. Majina yao yote mawili, lake na la dada yake, aliniambia mimi siku ile.

"Na shingo yako imeumia wapi?" nikamuuliza.

"Palepale," akasema. "Alipovunjika yeye."

"Mwanangu, huyo dada yako bado anatafuta shingo. Ya mjukuu wangu hapati."

Hakucheka. Alisema kinyago hakichomwi wala hakitupwi. Kinakufa ulingoni tu: unakiwekea dau, ukishindwa unavuliwa mbele ya watu, unataja jina lako la kweli na ulikozaliwa, na hukivai tena maisha yako yote. Nikamwambia basi na afanye hivyo. Akakubali. Nililala vizuri wiki ile.

Kisha nikaona tangazo kwenye mlango wa lifti. Kinyago chake dhidi ya nywele za mjukuu wangu, misuko niliyomsuka mimi mwenyewe; akishindwa ananyolewa. Nikapanda kwake nikiwa na kandambili.

"Kwa nini yeye?"

"Nyanya, watu wanakuja kuona ninavyoruka, lazima niruke. Na mwingine wa kunidaka simwamini."

Ukumbi ulikuwa mtaa wa Fisksätra, alasiri ya Jumamosi, nje kukiwa tayari na giza la majira ya baridi. Mama mmoja Mkongomani wa kanisani alikaa nami, akaniambia nifumbe macho, yeye atanisimulia. Nikamjibu kwamba nikifumba ndio nitaona zaidi. Jirani alipanda kamba ya juu. Alisimama pale muda mrefu mno. Mjukuu wangu alikuwa chini, miguu ameitanua, mikono ameinyoosha. Jirani akaruka. Waliangukiana wakalala. Kisha nikaona mguu wa mjukuu wangu unasogea, halafu wa yule mwingine.

Dakika chache baadaye msichana alimgandamiza mabega chini, mwamuzi akamaliza kuhesabu: ameshinda. Wakamfungua jirani kamba za kinyago. Uso wake ulikuwa mdogo, umepauka kama wa mgonjwa aliyetolewa nje mara ya kwanza. Akapewa kipaza sauti. Mimi peke yangu mle ndani nilijua majina yote mawili. Akataja la dada yake, lote, na mji waliozaliwa. Watu wakasimama kupiga makofi. Mimi nilikaa.

Halafu akafanya jambo ambalo sikuwa nimeuliza. Alikikunja kinyago akakiweka mikononi mwa mjukuu wangu. Kumbe ndiyo desturi yao, anayeshinda anaondoka nacho.

Nje, tukisubiri treni, nilimuuliza jirani kwa nini hakutaja jina lake mwenyewe. Akasema yeye aliweza kuacha siku yoyote, dada yake hakuwahi kupata nafasi ya kuacha. Alionekana mwepesi. Hata shingo, alisema, leo haimuumi.

Msichana amekitundika juu ya kitanda chake. Nilimwomba akipeleke stoo ya chini, akanijibu kwa Kiswidi kwamba ni tuzo tu, hakivaliwi, nisiwe na wasiwasi. Na kweli hajakivaa. Lakini tangu siku ile wenye mashindano wanampigia simu. Wanataka yeye sasa ndiye aruke, kwa kuwa alimshinda aliyeruka. Jumamosi ijayo anapanda kamba ya juu. Jana nikimsuka nilimuuliza nani atasimama chini kumdaka.

Akasema bado wanamtafuta.