Mke Wangu na Ile Ruhusa Yangu

Nakumbuka vizuri siku niliyopanda baiskeli kutoka Diani mpaka hospitali, juani, na kilichonisukuma si huruma, mwanangu, ni hasira. Nilikuwa fundi mwashi kijana, na mke wangu Mwanaisha alikuwa na mimba yetu ya kwanza, mwezi wa nane. Kazi yangu ilikuwa Ukunda, nikirudi nyumbani upande wa Msambweni kila Ijumaa. Nilikuwa nimewaambia watu wa nyumbani kwamba mke wangu hapelekwi popote bila ruhusa yangu. Nilidhani huo ndio uanaume. Simu za mkononi hatukuwa nazo. Aliyenitaka alituma mtu.

Asubuhi hiyo Mwanaisha aliamka kichwa kikimuuma vibaya, uso na mikono vimemvimba, machoni anaona ukungu. Dada yangu alipomwona aliogopa, lakini aliniogopa mimi zaidi. Akatuma mtu aje kunitafuta, nao wakaketi kungoja. Yule mtu alizunguka Kona ya Musa, pale Ukunda, akiniulizia kwa mafundi, kumbe siku hiyo tulikuwa Diani tukipandisha ukuta.

Adhuhuri mama yangu mkubwa, Bi Mwanatumu, alipita kumjulia hali. Yeye ndiye mkunga aliyetuzalisha karibu sote pale kijijini. Alimtazama Mwanaisha mara moja tu, akatoka kusimamisha pikapu ya jirani iliyokuwa imepakia nazi. Dada yangu alimkumbusha amri yangu. Yeye akampandisha Mwanaisha garini. Njiani Mwanaisha alishikwa na kifafa cha mimba, akatetemeka mwili mzima, akapoteza fahamu.

Nilipopatikana alasiri, nilichosikia mimi ni kwamba nimevunjiwa neno langu. Nilimkuta mama mkubwa kwenye benchi nje ya wodi. Hata shikamoo sikumwamkia, Mungu anisamehe. Nilimuuliza ni nani aliyemruhusu.

"Hakuna," alisema. "Mimi nimezalisha watoto wengi, na mikono yangu inajua inapokoma. Wewe hujazalisha hata mmoja, na ukataka kuamua. Mkeo yu hai. Mtoto hatukumwahi. Alikuwa wa kiume. Nenda kamwone, kisha urudi tuizungumze hiyo ruhusa."

Sikurudi kuizungumza. Daktari alinieleza, bila kunilaumu, kwamba presha ilikuwa imepanda mno, na kama Mwanaisha angefika asubuhi, huenda mtoto angepona. Nilimzika kwa mikono yangu. Na Mwanaisha alipozinduka, jambo la kwanza aliloniuliza ni, "Walikupata?"

Hata pale, mwanangu, alikuwa bado anaitafuta ruhusa yangu.

Mimba zilizofuata nilikwenda naye kliniki mwenyewe, nikaketi na kina mama wakinicheka, nikazoea. Watoto watatu tulijaaliwa, wote hospitalini, wote wazima, na Mwanaisha sasa anawalea wajukuu. Ndiyo maana nakwambia bila wasiwasi wowote: kujifungua salama kunawezekana. Mengi ya tuliyoyaita kudra yalikuwa ni kuchelewa kwetu.

Basi wewe uliyeoa juzi, mkeo aanze kliniki mapema, wala asikose siku yake hata akijiona mzima, kwani presha hupanda kimyakimya. Panga mapema gari litakalomchukua, na namba ya dereva iwe kwa kila mtu wa nyumbani. Akiumwa kichwa kisichotulia, akivimba uso, akiona ukungu, akitoka damu, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, aende saa hiyohiyo. Usiseme tuone kwanza. Mama yako na dada zako waambie leo, wakusikie kwa masikio yao, kwamba ruhusa umeshatoa, ya mchana na ya usiku, uwepo usiwepo.

Mwenyezi Mungu amhifadhi mkeo katika uzito wake. Akujaalie umsikie mwanao akilia siku ya kwanza, na mama yake awepo, ampokee, ampe ziwa. Amin.