Kumwitikia Aliyetengwa

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Huku kwetu Kyerwa mtu akifa, majembe yanalala. Halimi mtu, hachumi mtu kahawa, mpaka marehemu azikwe. Wanaume wanachimba kaburi, wanawake tunaleta maji, kuni na ndizi. Anayedharau msiba anatengwa. Kutengwa maana yake hakuna wa kuitikia salamu yako, na ukifiwa unazika mwenyewe.

Jirani yangu, mama kijana ambaye wazazi wake walitoka Burundi, alipura maharage siku ya maziko ya mwanakijiji mwenzetu. Mumewe alikuwa mbali kwenye vibarua. Maharage yalikuwa yametandazwa uani, wingu limeshuka, akaona yatalowa yaote. Sisi tuko kaburini, mchungaji anasoma, tunasikia fimbo yake ng'ambo ya migomba: pu, pu, pu. Hata waliokuwa wanalia walinyamaza wakasikiliza. Nikasema moyoni, huyu mtoto amejimaliza.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuzikana akatuita kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Jirani mwenyewe hakuitwa.

"Anayekubali huyu mama atengwe, anyoshe mkono."

Kwanza hakukuwa na mkono hata mmoja. Niliangalia vizuri. Watu walikuwa wanatazamana tu, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Kisha kaka wa marehemu akanyosha. Yule ana uchungu wake, simlaumu. Aliyekaa ubavuni mwake akanyosha. Wakafuata wa nyuma yao, ikawa sasa ambaye hajanyosha ndiye anayeonekana. Mama mmoja aliyepewa mbegu na huyo huyo jirani msimu uliopita alinyosha huku anaangalia vidole vya miguu yake. Mimi mikono yangu ilibaki juu ya fimbo yangu. Hakuna aliyeniuliza.

"Wote tumekubali," akasema mwenyekiti. "Na atakayemwitikia, naye ametoka kwenye kikundi."

Nilirudi nyumbani naogopa. Sitajifanya malaika, sikuwa namwogopea jirani peke yake. Mzee wangu, baba wa mwanangu, alikuwa kitandani, miguu imevimba, pumzi fupi. Mwili wa mtu mzima hauzikwi na bibi kizee na mwana mmoja. Nilijua ni akina nani nitawahitaji, na wote nilikuwa nimewaona mikono juu.

Asubuhi nilikwenda kisimani. Wanawake walikuwa wengi, wanacheka. Jirani akaja na ndoo yake, kicheko kikakatika. Akapita kwa kila mmoja na salamu yake, wakageuka kuangalia maji. Akafika kwangu, akapiga goti kidogo kama kawaida yake.

"Shikamoo, bibi."

Wote wamenikazia macho. Nikamwona mawazoni mzee wangu kitandani. Nikamwona na huyu aliyeinama mbele yangu.

"Marahaba, binti. Watoto wameamkaje?"

"Wazima, bibi," akasema kwa sauti ndogo, akachota maji akaondoka haraka.

"He! Bibi leo kaamka na ulimi mrefu," akasema mmoja.

"Mwacheni," mwingine akadakia. "Akifa atafukiwa na maganda ya maharage!"

Wakacheka. Wengine walicheka kwa kuchelewa, baada ya kuangalia nani anacheka.

Mchana mwanangu akaja anahema. "Mama, umesema nini kisimani?"

"Nimesema marahaba."

"Mama! Baba akituondokea nitazika na nani? Na mbuzi?"

"Umeshamzika? Humwoni anakunywa uji?"

Nilimkaripia mpaka akatoka. Lakini alipotoka nilikaa jikoni, moto ukazima mbele yangu na sikuuchochea. Tangu siku hiyo nikisikia hatua kwenye kibanja chetu cha migomba nilisimama kuangalia. Watu walipita njia ya juu.

Mzee akazidiwa. Hakuweza kuketi, kwa hiyo bodaboda haikufaa, na kutoka kwetu mpaka barabara kubwa ni mlima. Ilitakiwa machela. Mwanangu akazunguka nyumba kwa nyumba. Mimi nikabaki nampepea mgonjwa, nikitega sikio.

Walikuja. Mwenyekiti mbele. Machela tukaiweka mlangoni, mzee tukamlaza, lakini hakuna aliyeinama kushika mti wake.

"Mama," akasema mwenyekiti, taratibu kabisa, "mzee tunampenda. Tutambeba. Wewe sema tu hapa mbele ya watu kwamba yule mama hutamwitikia tena."

"Mama, sema," mwanangu akaninong'oneza. "Nakuomba, sema."

Nikafungua mdomo. Kweli ya Mungu, mpaka leo sijui ningesema nini. Mzee wangu akaniwahi kutoka pale chini.

"Mgonjwa ni mimi au ni huyu?"

Wakamgeukia.

"Mimi nimeoana naye tangu ujana," akasema, akavuta pumzi, "sijawahi kumfundisha la kusema akashika. Ninyi mtaweza leo, mimi nikiwa nafia mlangoni?"

Bwana mmoja mnene akaguna, kicheko kikamponyoka. Kwa aibu ya kucheka mbele ya mgonjwa akainama akashika mti. Alipoinama yeye, wakainama wengine. Mwenyekiti alibaki amesimama peke yake, akaona anavyotazamwa, naye akaja akashika. Nikafuata nyuma na chupa ya uji, nikiogopa kila walipopunguza mwendo.

Alitibiwa akarudi. Mpaka leo yuko kitandani, na pumzi yake naihesabu hata nikiwa shambani. Hakuna mkutano mwingine ulioitwa. Jirani akikutana na mtu mmoja njiani anaitikiwa. Akikutana na wawili, wanatazamana kwanza. Mimi naitikiwa na wote, kwa ufupi, na hakuna aliyeniambia kama bado nimo kwenye kikundi au nimetoka. Sijauliza. Naogopa jibu.

Juzi nilikwenda kuchukua chumvi kwenye stoo ya mwanangu, nikakuta beleshi jipya na sururu nyuma ya mlango. Yeye hana shimo lolote analochimba. Nikachukua chumvi yangu, nikarudishia mlango kama nilivyoukuta.