Chaki Kati ya Matairi ya Nyuma

Jumatano, katikati ya mwezi wa nne. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba, mchana jua likatoka kidogo, jioni manyunyu.

Leo lori la Mama Hadija limeshuka Mombo na shehena ya karoti na kurudi Kwai salama, likiwa na rimu mpya na matairi mapya. Nimeona niandike. Niliishia darasa la saba na sina hakika kama nitayapanga mambo vizuri, lakini vijana wa gereji wameniuliza mara nyingi kazi ya matairi ilikuwaje zamani, na kwa mdomo huwa nasahau nusu.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa kwenye karakana ya kiwanda cha mbao, hapa hapa Lushoto. Fomeni, yaani msimamizi wa mafundi, alinikabidhi mtaimbo akanionyesha rimu za malori ya wakati ule. Hazikuwa kipande kimoja kama za leo. Tairi na mpira wake wa ndani viliingizwa ubavuni, halafu ikagongwa pete ya chuma kuzuia tairi lisichomoke. Pete isipokaa sawasawa, ukijaza upepo inaruka kama risasi. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, naangalia. Fomeni akanivuta shati.

"Kaa pembeni," akasema. "Pete ikiruka haina shikamoo."

Somo la pili lilikuwa la matairi ya nyuma, ambayo kwenye lori hukaa mawili mawili kila upande. "Hayo ni mtu na mama mkwe wake," alituambia. "Yakae jirani, yasigusane." Yakigusana, sisi mafundi tunasema yanabusiana: yanasuguana mbavu, yanapata moto, na siku moja yanapasuka ukiwa kwenye kona za Soni, bonde liko chini yako. Ubaya wake ni kwamba lori likiwa tupu huoni kitu. Tairi huvimba ubavu likishabeba mzigo. Kwa hiyo Fomeni alipaka chaki kwenye mbavu za ndani, akapakia lori, akalizungusha. Chaki ikifutika, matairi yamebusiana.

Baadaye nilihamishiwa Sigi kwenye malori ya misitu, chini ya mkuu wa magari tuliyemwita Bwana Usafirishaji, mtu mkali sana kwa mafuta lakini asiyemwonea mtu. Kisha Muheza, malori ya machungwa. Meneja wa kule hakutaka kusikia habari ya chaki, alisema inachelewesha mzigo. Kwa haki niseme, magari yake yalikuwa mapya, na muda wote niliokuwa pale hayakupata shida. Huenda alikuwa sahihi kwa magari yake. Nilipostaafu nikarudi nyumbani Kwai.

Sasa habari ya lori. Mama Hadija alirithi lori hilo kwa baba yake, la boneti ndefu, limesimama juu kama mbuzi. Masika hii barabara ya mashambani imeoza, na magari madogo ya wanunuzi yanaishia njia panda. Lori lile peke yake linaweza kuingia na kutoka, ila matairi yake yalikuwa yamepasuka mbavu, pete zimeliwa na kutu, na saizi ile haipatikani tena. Alikuja nyumbani mvua ikinyesha.

"Mghosi," akaniambia, yaani mzee kwa Kisambaa, "karoti ziko ardhini, mvua inazipasua. Si zangu tu, ni za majirani wote wa bondeni. Niambie kweli, hili lori litatembea, au niwaambie wenzangu tulishe ng'ombe?"

Nilimpigia Ayubu, kijana niliyemfundisha kazi, ambaye sasa ana gereji yake Lushoto. Akasema tuachane na pete kabisa, tufunge rimu za kisasa za kipande kimoja na matairi yasiyo na mpira wa ndani. Niliogopa. Rimu mpya kwenye habu ya kale, kile kitovu cha chuma kinachobeba gurudumu?

Niandike wazi alichoona Ayubu ambacho mimi nisingekiona. Tundu la katikati la rimu mpya lilikuwa kubwa kuliko habu, kwa hiyo rimu ingening'inia kwenye boliti badala ya kukaa kwenye habu, na boliti zingekatika. Akachongesha pete ya kujaza nafasi hiyo. Tena nati za zamani zina kichwa cha mteremko, na rimu mpya inataka nati bapa. Aling'oa boliti zote akaweka mpya pamoja na nati zake. Kazi safi. Mimi ningefunga nati zile zile na kujisifu.

Mama Hadija alichagua matairi mapana kwa sababu ya tope, na hilo nalo lilikuwa na akili yake. Yalipofungwa, lori likapendeza. Nikatoa chaki mfukoni.

"Mzee Yona," Ayubu akasema, "si unaona? Mkono wangu unapita katikati."

"Unapita lori likiwa tupu," nikamwambia. "Mama mkwe hajala bado."

Watu wakacheka, lakini walipakia. Tulijaza mawe ya msingi yaliyokuwa kando ya njia, na juu yake wakapanda vijana waliokuja kutucheka. Mmoja akasema akifa, wamwandikie kaburini kwamba ameuawa na babu yake. Lori likazunguka mpaka kisimani na kurudi. Nikainama na tochi. Chaki ilikuwa imefutika, mbavu zinang'aa.

Hakuna aliyecheka tena. Mama Hadija alikaa juu ya jiwe, kanga imelowa, akitazama bondeni. Ayubu angeweza kusema yatazoea, na wako ambao wangesema hivyo. Usiku sikulala vizuri. Nilijiuliza kama nimeshikilia chaki kwa sababu ya kazi au kwa sababu ya uzee tu, na karoti za watu zinaoza kwa ajili yangu. Kumbe Ayubu naye alikuwa macho. Alfajiri alinipigia kwamba amempata muuzaji wa Tanga atakayebadilisha, atupe matairi membamba zaidi yanayokubali rimu zile zile.

Yalipokuja tulifunga, tukapakia mawe yale yale, tukapaka chaki. Safari hii Ayubu ndiye aliyeinama. Alikaa huko chini mpaka nami nikainama kuchungulia. Akatoka na uso wote meno.

"Iko yote, Mzee. Kama ubao wa mwalimu."

Mama Hadija akapiga kigelegele kilichosikika mpaka ng'ambo. Jana kutwa watu waling'oa na kuosha karoti, na leo tumeshuka, mimi nikiwa mbele na dereva. Kwenye tope matairi membamba yalikata mpaka chini penye udongo mgumu, hatukukwama hata mara moja. Soni tulisimama kukaza nati tena, maana rimu mpya lazima zikazwe baada ya mwendo mfupi, nikaweka kiganja kwenye kila tairi. Vuguvugu tu, kama chai iliyosahaulika.

Mombo, utingo wa lori la mnunuzi alituona akashika kiuno. "Jamani, babu zenu wamefufuka?"

"Wamefufuka," Mama Hadija akamjibu, "na wamekuja na karoti. Fungua lori lako."

Sijui kama nilikuwa fundi mzuri. Wako walionizidi, na Ayubu ni mmoja wao. Ninachojua, wanangu, ni kwamba kazi hii haimtaki mtu anayejua yote. Inamtaka anayeweza kuinama mara ya pili bila kuona aibu, na leo tulikuwa wawili wa namna hiyo. Nimestaafu kwa amani, ila leo nimefurahi kuliko siku niliyostaafu.

Jioni tumekula ugali, mnavu na maziwa mgando. Mke wangu alitaka kutia karoti kwenye mboga, akatuma mtu bondeni kuomba, akarudi mikono mitupu. Zimeuzwa zote.